Jani Lililoruka katika Nchi ya Ndanindani

Nimekaa siku kumi na moja katika nchi ya Ndanindani, na haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu mawili, la kushoto likiwa na mtoto wa jicho ambaye wakubwa wa afya waliahidi kumtoa tangu kampeni ya juzi ile. Njia ya kufika huko siielezi. Wapo watu wanaolishwa na serikali kwa kazi ya kuchora ramani. Waulizwe wao.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyuzi nazijua, na mshono mbaya nauona hata ukiwa chini ya meza. Mke wangu Siwatu alikuwa msukaji wa mikeka. Alifariki mwaka jana kwenye benchi la hospitali, mkononi ameshika karatasi ya dirisha namba tatu, aliyotakiwa kuipeleka dirisha namba mbili ili apewe karatasi ya kumruhusu kusimama dirisha namba tatu. Waliokuwa nyuma ya madirisha hayo bado wapo. Mmoja amepandishwa cheo.

Siwatu aliniachia ukili mmoja, ule utepe uliosukwa ambao ukishonwa ubavu kwa ubavu unakuwa mkeka. Urefu wake shubiri tatu tu. Mikeka mingine yote iliuzwa. Sasa, Siwatu alikuwa na jambo lake. Majani ya ukindu hupita juu ya moja, chini ya moja, juu ya moja, chini ya moja. Lakini katika kila mkeka wake palikuwa na mahali pamoja ambapo jani jeusi limeruka mawili kwa mpigo. Nilimwuliza zamani, tukiwa wachanga wa ndoa.

"Hapo ndipo uliponichekesha, mume wangu," akasema. "Mkono ukateleza. Na silifumui ng'o."

Ule ukili wa mwisho aliusuka asubuhi ile ile tuliyokwenda hospitali. Jani limeruka karibu kabisa na ncha. Maana yake nilimchekesha asubuhi hiyo. Na mimi, kwa huu mwaka mzima, nimeshindwa kukumbuka nilisema nini. Nimejaribu nikiwa nakula, nikiwa napiga gundi soli. Wapi!

Basi nikasikia kwamba Ndanindani wana ufundi wa kuotesha kitu kizima kutokana na kipande. Ukiwapa ukucha wanakuchorea mkono. Nikaukunja ukili, nikautia mfuko wa shati, nikaenda kutafuta mkeka wangu.

Mji wao mkuu una barabara moja pana, na pande zote mbili zimechipuka barabara nyembamba, na kila nyembamba imechipuka vichochoro, na kila kichochoro kimechipuka vijia, kama jani la kangaga. Ukisimama kwenye kijia ukatazama, unaona mji mzima uko pale, mdogo. Mtu hapotei sana huko, maana pale alipopotea panafanana na pale alipokuwa anakwenda.

Langoni nilimkuta afisa mwenye kofia ya pembetatu. Kofia ilikatwa pembetatu katikati, zikabaki tatu ndogo; kila moja nayo ikakatwa katikati, zikabaki ndogo zaidi, nazo zikakatwa. Jua lilikuwa linamchoma utosini. Nikamhurumia, nikadhani panya wameila. Kumbe matundu ndiyo cheo. Kadiri kofia inavyotobolewa ndivyo mtu anavyokuwa mkubwa. Kiongozi wao mkuu, Mtukufu Dundu, ana kofia iliyotobolewa yote, na hakuna raia aliyewahi kuiona, lakini wote wanaisifia kitambaa chake.

Afisa akanipa fomu yenye sehemu sita. Nikajaza tano. Ya sita ilikuwa fomu yenyewe, ndogo.

"Jaza na hiyo, mzee."

"Nimeshajaza, afande."

"Umejaza kubwa. Hiyo ndogo je?"

"Inauliza yale yale!"

"Sasa ulitaka ikuulize mengine? Ingekuwa fomu gani hiyo?"

Nikajaza. Ndani ya hiyo palikuwa na nyingine, na ndani yake nyingine. Akaniletea lenzi. Nilipofika fomu ya tisa, maandishi yalikuwa kama vumbi la tumbaku, nikatoa sindano yangu ya viatu nikachoma tundu. Afisa akachungulia kwa lenzi muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Umesoma wapi?" Nikapita.

Nilipanga kwa Bi. Sijaona, mama mmoja mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Asubuhi akaniwekea sahani ndefu ya mkate. Sahani niliiona. Mkate sikuuona.

"Bi. Sijaona, mkate uko wapi?"

"Huo hapo, baba. Umetoka wizarani mzima mzima, unanukia." Akaanza kueleza kwa vidole. "Wizara inatoa theluthi ya katikati, zinabaki ncha mbili. Mkoa unatoa katikati ya kila ncha. Wilaya nayo hivyo hivyo. Tarafa hivyo hivyo. Kata hivyo hivyo. Mpaka kufika kwangu..." Akapuliza kidogo, unga mwembamba ukaruka juu ya meza. "Ona, umenifanya nimepuliza chakula chako!"

"Sasa nile nini?"

"Kula kingo. Sheria inasema mkate wenye mwanzo na mwisho ni mkate. Mwanzo huo hapo, punje ile. Mwisho ule kule. Usije ukaenda kwenu ukasema wageni tunawadhulumu."

Nikapima kwa shubiri. Kutoka punje ya kwanza hadi ya mwisho, kweli, urefu ulikuwa wa mkate kamili. Hakuna aliyekula zaidi ya theluthi, na hakuna wa kumshtaki. Nikakaa nikiitazama ile sahani, nikajua sasa dawa za kwetu zinapitia wapi. Halafu nikalamba kidole nikala mwanzo, kisha nikala mwisho. Bi. Sijaona akaniuliza kama nimeshiba.

Alinielekeza kwa fundi bora wa uoteshaji, mwanamke aitwaye Mwamvua. Nilimkuta uani kwake, kibwebwe kiunoni, anarusha dadu. Mchangani amesimika vigingi vitatu. Dadu likitaja kigingi, anakwenda nusu ya njia kukielekea, anatia nukta kwa kijiti, anarusha tena. Nukta zilikuwa zinaanguka hovyo kama mvua ya kwanza. Nikakaa juu ya kinu nikaangalia. Saa ya kwanza, hovyo. Saa ya pili nukta zikaanza kukimbia sehemu fulani, kama zimetukanwa. Saa ya tatu ikatokea pembetatu yenye tundu, na pembetatu ndogo zenye matundu, mpaka chini.

"Hiyo si kofia ya afisa wa langoni?" nikamwuliza.

"Ndiyo hiyo. Uanzie popote, urushe vyovyote, mwisho wake ni kofia ya serikali." Akapangusa mikono. "Wakubwa wanasema kofia imetokana na hekima ya Mtukufu Dundu. Mimi najua ni dadu. Lakini usilisemee njiani."

"Huchoki?"

"Naipenda kazi hii, mzee wangu. Sijawahi kukosea hata siku moja, maana sijawahi kuamua hata siku moja."

Nikamkabidhi ukili. Akaupima, akaunusa, akaupeleka juani.

"Shubiri tatu! Kwa hii nakuoteshea mkeka wa msikiti mzima, ubaki na wa kukaushia mpunga." Kisha kidole chake kikasimama. "Hee. Hapa pana kilema."

"Si kilema. Hapo mke wangu alicheka."

"Alicheka?" Akanitazama, akatazama tena ukili. "Mzee, umeniletea balaa. Huku kwetu kilichomo kwenye kipande lazima kiwemo kwenye kizima, na kilichomo kwenye kizima lazima kiwemo kwenye kila kipande. Hiki kiko mara moja tu. Siwezi kukigusa mpaka Baraza liseme."

"Baraza linakaa lini?"

"Baada ya Siku ya Kujiona. Kesho kajione kwanza."

Siku ya Kujiona raia wote wanapanga mstari kutazama picha ya Mtukufu Dundu. Ni picha kubwa kuliko ukuta wa gereji, na mimi sijaona kitu cha kutisha na cha kuchekesha kama hicho. Mtukufu amechorwa mweusi, kiwiliwili kama buyu la kuchotea maji lililolala ubavu, kichwa cha duara, na kuzunguka mwili wote vimeota vinundu. Ukisogeza lenzi kwenye kinundu, ni Dundu. Pembeni mwa Dundu huyo pana miale ya rangi, mikia ya farasi wa baharini, mizunguko kama maji ya kuosha vyombo yanapoingia tunduni. Unaifuata mizunguko unasema haya, sasa nimemwacha, na katikati ya mzunguko, huyo hapo! Dundu, mdogo kama chawa, tumbo lile lile. Kizunguzungu kilinishika nikashikilia mabega ya mtu wa mbele, naye ameshikilia ya mwenzake, mstari mzima ukawa unayumba na kucheka.

Sheria inataka kila raia ajitafute humo mpaka ajione. Hakuna anayejiona. Lakini lenzi ni moja na mstari ni mrefu, kwa hiyo kila mtu anatazama kidogo, anapiga kelele "Nimejiona!", anapigiwa makofi, anakwenda zake. Nami nilipiga kelele. Nilikuwa na njaa.

Kesho yake likakaa Baraza. Mwenyekiti alikuwa Waziri Kidundu, na pembeni yake, kwenye kiti nusu ya kile, Naibu Kijidundu, na pembeni mwingine kwenye kigoda, na mwingine kwenye kifuu. Waziri akisema, Naibu anarudia nusu, wa tatu nusu ya nusu.

"Tumekutana," akasema Waziri.

"Kutana," akasema Naibu.

"Tana," akasema wa kigoda.

"Na," akamalizia wa kifuu, akaandika kwamba ametoa mchango.

Ukutani ulitandazwa Mkeka Mama. Huo umeanza kusukwa siku nchi ilipoanza, na mpaka leo unaendelea. Kila uamuzi wa Baraza unasukwa humo palepale na karani, na kila kitu nchini, mihuri, ngazi, gwaride, hata picha ya Dundu, kinanakiliwa kutoka humo kila siku. Sheria yao ya kwanza ni kwamba Mkeka Mama haukosei. Karani alikuwa mama mkimya aitwaye Mashavu. Miaka thelathini ameketi chini ya mkeka ule, na Mwamvua aliniambia hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

Ukili wa Siwatu ukawekwa juu ya meza. Wakagawanyika pande mbili. Wang'oaji walitaka jani lililoruka lifumuliwe lisukwe sawa. Wasambazaji walitaka lirushwe kila mahali, mkeka mzima uwe miruko. Waziri Kidundu alikuwa mwenyekiti wa pande zote mbili, na alijipigia makofi mara mbili.

Nikasimama. "Waheshimiwa, msifumue, na msisambaze. Mimi nataka mkeka wenye mruko mmoja."

Makofia yote yakanigeukia.

"Mmoja?" akasema Waziri. "Kitu kimoja, kisicho na kikubwa chake wala kidogo chake?"

"Ndiyo. Mke wangu asubuhi hiyo alicheka mara moja."

"Na wewe una hakika gani ilikuwa kicheko? Alicheka nini?"

Hapo nikakwama. Nilisimama pale na mdomo wazi mbele ya makofia yote yale yaliyotoboka. Swali hilo ndilo nililokuwa najiuliza mwaka mzima.

"Hajui!" akasema Waziri. "Basi Karani, suka: ukili huu uchukuliwe, jani lifumuliwe. Na iundwe kamati ya kuchunguza vicheko, yenye kamati ndogo ya kuchunguza vicheko vidogo, yenye kamati..."

Damu ikanipanda. Niliona benchi lile. Niliona dirisha namba mbili. Nikasema bila kupanga:

"Nyinyi! Mtu akiwauliza choo kiko wapi mtaunda kamati! Na kamati itajisaidia pale pale ilipokaa, halafu iandike taarifa kwamba choo kimepatikana!"

Sheria ni sheria. Naibu Kijidundu akasimama akarudia: "Choo kimepatikana."

"Kimepatikana," akasema wa kigoda, kwa heshima.

"Kana," akasema wa kifuu, akaandika.

Mashavu ndiye aliyeanza. Kwanza kwa pua, kama birika. Kisha mabega. Halafu meno, yote, meupe kumbe, na machozi, na mkono wake uliokuwa katikati ya kusuka amri ya kufumua ukateleza. Nilikuwa namtazama. Jani likapita juu ya mawili.

Na palepale nikakumbuka. Siwatu alikuwa ameketi mlangoni, anasuka, anasubiri nimalize kufunga viatu. Akaniuliza, "Leo watatuhudumia kweli, baba?" Nikamjibu maneno hayo hayo, ya choo na kamati, neno kwa neno. Akacheka mpaka akajishika ubavu ule uliokuwa unamuuma, akaniambia niache nitamwua kabla ya daktari. Mwaka mzima nimetafuta neno lile, na lilikuwa mdomoni mwangu, linangoja wanaohusika walichokoze.

Nikaanza kucheka mimi. Nilicheka nikakaa chini sakafuni.

"Fumua!" Waziri akamwambia Mashavu. "Fumua hapo!"

"Siwezi, Mheshimiwa," akajibu huku anapangusa macho. "Mkeka Mama haukosei."

Na kama Mkeka Mama haukosei, basi jani lililoruka ni sahihi, na nchi nzima lazima ifuate. Kufika alasiri mihuri ilikuwa inaruka mstari. Ngazi za wizara zilipunguzwa moja, makarani wakawa wanapanda kwa kurukaruka kama mbuzi. Askari wakapiga gwaride kushoto, kulia, kushoto, kushoto, wakaangukiana. Kwenye picha, Mtukufu Dundu alipandisha bega moja kama mtu aliyetekenywa, na Dundu wote wadogo, mpaka wale wa ukubwa wa chawa, wakapandisha bega. Watu walikwenda kujiona bila kuitwa.

Asubuhi iliyofuata Bi. Sijaona alinigongea mlango kwa mwiko.

"Baba, amka! Wilaya imerukwa! Njoo uone, kuna mkate ndani ya mkate!"

Kweli, sahanini palikuwa na tonge mbili zenye nyama yake, za kutafuna. Tulizila tumesimama. Mtaa mzima ulikuwa nje na mkate mdomoni, unacheka.

Nilidhani wamepona. Siku ya tatu ikatoka amri: kwa kuwa kicheko sasa kimo katika Mkeka Mama, kila raia acheke kila hatua ya saba, na maafisa wapite na lenzi kukagua vicheko vidogo. Barabarani kukawa hatua sita, ha. Hatua sita, ha. Bi. Sijaona alikaa ndani siku hiyo, miguu juu ya stuli, asitembee.

Ukili wangu, kwa kuwa kuruka sasa ni sheria, ulirudishwa kwa Mwamvua bila kufumuliwa, naye akaniita. Mkeka ulikuwa umekwisha, umetandikwa uani, mpana, rangi zinang'aa. Nikachuchumaa. Jani jeusi limeruka hapa, na pale, na kule. Kila shubiri mruko, na ndani ya mruko mruko mdogo, na ukingoni miruko isiyohesabika, mizuri mpaka inatia kizunguzungu. Nikautazama sana. Ulikuwa unacheka kama watu wanavyocheka waziri anapofanya utani.

"Siuchukui, fundi. Nirudishie ukili wangu."

"Mzee, shubiri tatu utalalia nini? Kisigino?"

"Nitausuka mwenyewe uliobaki."

"Wewe? Na vidole hivyo vya gundi?" Akacheka, na hakuwa amefika hatua ya saba. Akaingia ndani akatoka na mzigo wa ukindu, mwekundu na mweusi, akanionyesha namna ya kuendeleza pale Siwatu alipoachia. Akanirudisha nyuma mara nne. "Kila jani itabidi uamue," akaniambia, akatazama dadu lake. "Pole. Na hongera."

Sasa niko nyumbani. Nasuka kibandani kwangu nikiwa sina viatu vya mtu. Nimefika shubiri ishirini na moja. Ni mbaya, upande wangu unapinda kama njia ya ng'ombe, na mtu yeyote anaona Siwatu aliishia wapi na mimi nimeanzia wapi. Lakini majani yote yamepita juu ya moja, chini ya moja. Sikurusha hata moja kwa makusudi.

Juzi akaja afisa mtendaji na fomu. Kumbe hospitali bado inamhesabu Siwatu miongoni mwa wanaosubiri dirisha namba tatu, na sasa wanataka kumwondoa kwenye orodha. Nikajaza jina, nikajaza kijiji, nikajaza tarehe ya kifo. Chini kabisa pakawa na mstari mmoja: sahihi ya mgonjwa.

"Hapa aweke yeye mwenyewe," akasema afisa, kwa upole kabisa. "Wewe huruhusiwi kumwekea."

Nikamtazama. Yuko makini, kalamu kaishika, anangoja. Nikamwambia aanzie dirisha namba mbili.

Alipoondoka nikarudi kwenye ukili, na mabega yalikuwa bado yananitikisika. Nilipotazama chini, jani jeusi lilikuwa limepita juu ya mawili.

Silifumui ng'o.